Jina si Amri

Katika SQL, lugha ya hifadhidata ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliibuni huko IBM mwanzoni mwa miaka ya 1970, ritifaa, ile alama ya ('), ina kazi nzito kuliko umbo lake. Inafungua na kufunga maneno ambayo kompyuta inatakiwa kuyapokea kama maneno tu. Kilichomo ndani ya ritifaa mbili ni habari. Kilichobaki nje ni amri. Sasa mchukue Mmalawi anayeitwa Ng'oma au Ng'ambi, majina ya kawaida kabisa pale Lilongwe, mwandike kwenye fomu ambayo aliyeitengeneza amelibandika jina moja kwa moja ndani ya amri. Ritifaa ya jina itafunga kile ambacho programu ilikifungua. Kompyuta itadhani jina limeishia kwenye herufi mbili za kwanza, na mabaki yake itajaribu kuyasoma kama amri. Itashindwa, na kitakachoonekana kwenye skrini ni tangazo la kosa. Ng'oma hakukosea chochote, ameandika jina alilopewa na wazazi wake, lakini kwa namna sentensi ilivyojengwa jina hilo limehesabiwa kuwa uvamizi.

Mvamizi wa kweli naye hupita mlango huohuo. Akitia ritifaa, kisha akaongeza maneno yenye maana ya "au moja ni sawa na moja", swali lililokusudiwa kumtafuta mtu mmoja linageuka kuwa swali ambalo kila mstari wa jedwali unalijibu ndiyo, na orodha nzima inamwagika mbele yake. Jeff Forristal aliuandika udhaifu huu hadharani mwaka 1998, na dawa yake imejulikana muda mrefu: sentensi iliyoandaliwa. Programu inatanguliza sentensi yenye alama ya kuuliza mahali pa jina: nitafutie mkazi ambaye jina lake ni fulani, na huyo fulani bado hatajwi. Hifadhidata inaichambua sentensi, inapanga namna ya kuitekeleza, na kazi ya kuelewa inakomea hapo. Ndipo jina linapokuja, kwa njia yake peke yake, likafungwa mahali palipotengwa. Halipiti tena kwa mchambuzi. Lije na ritifaa kumi, lije na amri ya kufuta jedwali zima, litabaki kuwa jina: kompyuta itamtafuta mkazi mwenye jina hilo la ajabu, itamkosa, itasema hayupo, na jedwali litabaki salama.

Wengi huliona jambo hili kuwa ufundi mtupu, kanuni ya kukaririwa kabla ya mtihani. Mimi naona ndani yake jibu la swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelihangaikia kabla kompyuta hazijakuwapo: usalama wa mwenyeji unatoka wapi? Unatoka kwenye usafi wa mgeni, au kwenye namna mwenyeji mwenyewe alivyojiweka sawa kabla mgeni hajabisha hodi? Dai langu ni kwamba kufunga thamani, yaani kile kinachojaza alama ya kuuliza, kwenye sentensi iliyoandaliwa ni jibu la pili kwa vitendo, na kwamba lina uzito wa kimaadili, kwa sababu linaondoa mzigo wa kujitakasa kwenye mabega ya anayekuja na kuuweka kwa aliyeiandika sentensi.

Swali hili lina makali zaidi mahali ambapo watu wanaishi kama thamani ndani ya sentensi za wengine. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na msikitini. Mwishoni mwa 2013 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, liliichagua kambi hii ifanyiwe majaribio ya mfumo mpya wa kuandikisha watu kwa alama za vidole na mboni za macho, kabla mfumo huo haujapelekwa nchi nyingine. Ina maana mkazi wa Dzaleka alikuwa miongoni mwa wakimbizi wa kwanza duniani ambao mwili wenyewe uliingizwa kwenye hifadhidata hiyo. Mtu huyohuyo akienda Kawale, mtaa wa Lilongwe, kutafuta riziki, anakutana na sentensi nyingine iliyoandikwa zamani: sheria ya wakimbizi ya Malawi ya mwaka 1989, pamoja na masharti ambayo nchi iliyawekea Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, yanayombana katika kutembea na kufanya kazi. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warejee. Mei polisi waliingia mitaani Lilongwe. Maduka yakafungwa, na watu, watoto wakiwemo, wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kufikishwa Dzaleka. Nayataja haya mapema ili hoja isielee hewani. Nitarudi kuyauliza kama yanaivunja.

Tuanze na njia ambayo waandishi wa programu waliijaribu kabla ya kukubali kuandaa sentensi, kwa sababu historia yake ni ushahidi tosha. Njia hiyo ilikuwa kusafisha. Kila kilichoingia kilichukuliwa kuwa kibaya mpaka kioshwe: mbele ya kila ritifaa ukawekwa mkwaju wa kinyume, ili hifadhidata isiitambue kama kifungo. Lugha ya PHP ilifikia hatua ya kuifanya kazi hiyo yenyewe, bila kuombwa, kwa kipengele kilichoitwa magic_quotes_gpc. Kila ritifaa ya kila mgeni ilipigwa mkwaju, iwe inaelekea kwenye hifadhidata au kwenye barua ya pongezi. Ndiyo maana kurasa nyingi za enzi zile zilionyesha majina yenye mikwaju katikati, na pengine mikwaju ikazaana kila fomu ilipohifadhiwa upya. Kipengele hicho kilitangazwa kuwa cha kuachwa mwaka 2009, na mwaka 2012 kikaondolewa kabisa. Wengine walichukua njia ya mkato zaidi, wakaifuta ritifaa. Ng'oma akawa Ngoma. Kwa asiyejua lugha zetu hilo ni dogo. Kwa anayezijua, huyo ni mtu mwingine. Na kambini, jina la kwenye kadi lisipolingana na jina la kwenye kompyuta, anayeulizwa maswali ni mwenye kadi.

Pamoja na gharama hiyo yote, kusafisha hakukumzuia mjuzi. Mwaka 2006 Chris Shiflett alionyesha kwamba penye mfumo wa herufi za Kichina uitwao GBK, mvamizi anaweza kutanguliza baiti moja ambayo itaungana na mkwaju na kuwa herufi moja ya Kichina. Mkwaju unamezwa, ritifaa inabaki huru, na uvamizi unaendelea kama kawaida. Tazama sura ya jambo lenyewe: utaratibu uliojengwa juu ya shaka ulimharibia jina asiye na hatia na ukampisha mwenye hila. Sidhani hii ilikuwa bahati mbaya. Anayesafisha hujaribu kuorodhesha ubaya wote unaowezekana, na orodha ya namna hiyo haina mwisho, kwa sababu ubaya haukai ndani ya ritifaa. Ritifaa haina madhara yoyote. Hatari imo kwenye sentensi ambayo mwenyewe ameiacha wazi, ikisubiri maneno ya mgeni ndipo ipate maana yake kamili.

Hapa inabidi kushuka hadi kwenye umbo la kompyuta yenyewe. Katika ripoti ya mwaka 1945 John von Neumann alieleza mashine ambayo amri na habari hukaa katika kumbukumbu moja, zikiandikwa kwa tarakimu za aina moja. Kompyuta karibu zote tunazotumia zimeurithi mpango huo. Ndani ya kumbukumbu hakuna tarakimu yenye asili ya uamri na nyingine yenye asili ya uhabari. Tofauti inaletwa na msomaji: akiisoma kama amri, itatenda, akiisoma kama habari, itatulia. Kwa hiyo swali la "huyu mgeni ni hatari au si hatari?" linakosa shabaha. La kuulizwa ni "nimempa nafasi gani katika sentensi yangu?"

Wasomi wa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, waliliona jambo hili kwa upande wa ulimi wa binadamu. Tamko la talaka lina nguvu kubwa. Mume akilitamka kwa mkewe, ndoa inatikisika. Lakini mwalimu anayewafundisha wanafunzi sura za talaka hulitamka tamko lilelile, kwa herufi zilezile, na mkewe anabaki mkewe. Analisimulia, hatendi kwalo. Vivyo hivyo anayenakili maneno ya kufuru ili ayajibu hahesabiwi kuwa ameyasema yeye. Wasomi hawakuitafuta tofauti katika sauti, kwa kuwa sauti ni moja. Waliitafuta katika nafasi ya neno ndani ya tukio na katika nia ya msemaji. Kama wangechagua kusafisha, wangepiga marufuku neno talaka madarasani, na elimu ya talaka ingetoweka pamoja na madhara yake. Walichofanya ni kuweka bayana mahali ambapo neno linatajwa na mahali ambapo linatenda. Mashine, kwa kuwa haina uwezo wa kupima nia, inahitaji mpaka huo uchorwe mapema na mtu, na sentensi iliyoandaliwa ndiyo huo mpaka.

Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alisema ukarimu si suala la huruma, ni haki: mgeni anayefika katika ardhi ya wengine ana haki ya kutofanyiwa uadui kwa sababu tu amefika. Haki hiyo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Haimpi haki ya kukaa milele, na Kant mwenyewe anakubali mgeni anaweza kukataliwa, mradi asiangamizwe kwa kukataliwa huko. Wembamba huo ndio unaonivutia. Sentensi iliyoandaliwa nayo haiahidi kwamba jibu litakuwa ndiyo. Huenda jina lisipatikane, huenda ombi likakataliwa. Inachoahidi ni kwamba kuwasili kwa jina, lenye sura yoyote, hakutasomwa kama shambulio, na kwamba swali litakaloulizwa juu yake ni lilelile linaloulizwa juu ya kila jina. Katika PHP kuna jambo dogo linalolionyesha hili vizuri: ukitumia bindParam, kinachofungwa ni kigeu chenyewe, na thamani yake husomwa sentensi inapotekelezwa. Mwandishi anajifunga kwa mahali ambapo hajui nani atakaa. Amekwisha kusema atakavyomtendea, na hana tena nafasi ya kubadili sentensi akishamwona uso.

Kinyume cha haya kimesimuliwa katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi wanashika vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke neno moja. Waefraimu hawawezi kuitamka sauti ya kwanza ya neno hilo kama Wagileadi, na kwa sauti hiyo wanachinjwa. Kitabu kinahesabu watu 42,000. Neno lenyewe halikuwa na maana yoyote ya vita, lakini pale kivukoni lilikuwa limegeuzwa hukumu. Wakazi wengi wa Dzaleka hawahitaji kuisoma habari hii kwa Waamuzi, kwani wao au wazazi wao walipita kwenye vizuizi ambako jina, lafudhi au mji wa kuzaliwa vilitosha.

Na hapa ndipo pingamizi zito la kwanza linapotokea, nalo halifai kupitwa haraka. Vitambulisho vya Rwanda vilikuwa na mahali pa kabila tangu miaka ya 1930, enzi za Wabelgiji. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mahali hapo palisomwa na mtu akauawa. Mpingaji atasema: huoni kwamba kile kilikuwa ni kufunga thamani kwa ukamilifu? Kabila liliandikwa mahali pake, bila kuvuruga chochote. Hakuna aliyechomeka amri ndani ya kitambulisho. Amri ilikuwa imeandaliwa tayari, na kitambulisho kiliijaza tu. Sentensi isemayo "futa kila mkazi ambaye kabila lake ni fulani" inaweza kuandaliwa kwa usalama wote unaousifu, na hakuna ritifaa itakayoizuia.

Pingamizi hili ni la kweli, na anayelijibu kwa kusema ufundi hauhusiani na maadili anakimbia. Ndiyo, kufunga thamani kunalinda uaminifu wa sentensi kwa mwandishi wake; hakulindi haki ya sentensi. Lakini tuangalie sentensi iliyoandaliwa inafanya nini kwa uovu. Inaulazimisha uandikwe wote mapema, kabla hajaja mtu yeyote, ukiwa na umbo linalosomeka. Sentensi ya kuunganisha maneno papo kwa papo hubadilika kwa kila anayepita, na mwandishi wake anaweza kujitetea daima kwamba si yeye, ni yule mtu aliyeingiza jambo lake. Aliyeandaa hana kisingizio hicho. Chochote kitakachotendeka kilikuwa kimeandikwa, na kiliandikwa naye. Kwa hiyo ushahidi wa Rwanda hauivunji hoja yangu, unaikaza: wajibu hauko kwa aliyebeba kitambulisho, uko kwa waliochora mahali pa kabila na kwa walioandika amri ya kupasoma. Wabeba vitambulisho hawakuwa na neno la kusahihisha kwao wenyewe ili wawe salama. Hata walioficha kadi zao waliulizwa kwa nini wamezificha.

Kipimo hikihiki nakiweka juu ya agizo la Malawi la 2023. Watetezi wake walisema sheria ipo tangu 1989 na kwamba kinachofanyika ni kuitekeleza. Sawa. Basi mjadala usihusu tena mienendo ya mfanyabiashara mmoja wa Kawale, amelipa kodi au hajalipa, amewapandishia watu bei au hajawapandishia. Mjadala uihusu sentensi: je, ni haki kuandika kwamba mtu aliyekimbia vita asifanye kazi nje ya eneo lililojengwa kwa ajili ya moja ya tano ya waliomo? Wapo waliopenda zaidi kuzungumzia tabia za wageni. Hayo ni mazungumzo ya kusafisha, na yana faida moja kubwa kwa anayeyaendesha, nayo ni kwamba sheria yenyewe haiguswi.

Kuna wanaopinga kwa sababu nyepesi zaidi, na nitawajibu kwa ufupi. Wanasema walaghai wapo, watu huandikisha majina ya uongo, hujiandikisha mara mbili, na mwenyeji asiyekagua ataliwa. Ni kweli wapo. Lakini kukagua na kufunga ni kazi mbili. Programu nzuri hukagua kama tarehe ya kuzaliwa ni tarehe inayowezekana, kama namba ya kadi ina tarakimu zinazotakiwa, na hukataa kisichofaa. Hiyo inaihusu thamani, kama ni ya kweli na kama inatosha. Kosa ni kudhani kwamba ukaguzi unaweza kuchukua nafasi ya mpaka, kwamba ukishamkagua mtu vya kutosha unaweza kuiacha sentensi yako wazi. Anayefanya hivyo hulazimika kukagua bila kukoma, na kila siku kwa ukali zaidi.

Kaskazini mwa Kenya kuna tukio linaloonyesha hatari ya kuutegemea mlango mmoja. Katika kaunti ya Garissa, karibu na kambi za Dadaab, raia wa Kenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kama wakimbizi nyakati za ukame ili wapate chakula na huduma, wengine wakiwa watoto walioandikishwa na wazazi. Alama zao za vidole zikahifadhiwa vizuri, bila hitilafu yoyote ya kiufundi. Miaka ikapita, wakafikia umri wa kitambulisho cha taifa, na ofisi nyingine ikazisoma alama hizo katika hifadhidata ya wakimbizi ikasema: nyinyi si Wakenya. Wataalamu wa usalama wa programu wanaufahamu uvamizi wa namna hii, unaoitwa wa daraja la pili. Neno linafungwa salama linapoingia, linalala kwenye jedwali, kisha programu nyingine inalitoa na, kwa kuwa limetoka ndani ya nyumba, inaliamini na kulibandika kwenye amri yake. Njaa ya mwaka mmoja iliyoandikwa kama habari ikageuka hukumu ya uraia. Hapa hakukuwa na mvamizi. Kulikuwa na msomaji wa pili ambaye hakuona haja ya kujiuliza sentensi yake inaipa thamani ile kazi gani. Kufunga ni wajibu wa kila anayesoma, kila anaposoma. Aliyefunga mlangoni hakuwafungia wote watakaokuja baadaye.

Sasa pingamizi ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko yote. Mtu si thamani. Kumsifu mwenyeji kwa sababu amemfunga mgeni mahali ambapo maneno yake hayawezi kugusa sentensi ni kusifu ukimya. Mkimbizi anachokosa hasa si usalama wa jina lake kwenye jedwali. Anakosa uwezo wa kusema jambo likabadilisha kitu. Hannah Arendt, aliyewahi kuwa mkimbizi na mtu asiye na taifa, aliandika mwaka 1951 kwamba kabla ya haki zote kuna haki ya kuwa na haki, yaani kuwa mahali ambapo maneno na matendo yako yanahesabika. Ukiipima sentensi iliyoandaliwa kwa kipimo hicho, inaonekana kuwa mashine ya kuwafanya watu wasihesabike kwa adabu. Wanapokewa vizuri, wanatafutwa, wanapatikana au wanakosekana, na basi.

Nalikubali sehemu kubwa ya hili. Nakubali kwamba sehemu ya alama ya kuuliza si makao ya binadamu. Hakuna anayestahili kuishi maisha yake yote akiwa thamani katika sentensi za wengine, na Dzaleka wapo waliozaliwa humo na kukua humo bila kuwa kitu kingine mbele ya sheria. Ila sikubali kwamba tiba ni kuiacha sentensi wazi ili mgeni aweze kuivunja kutoka ndani. Anayeipata nguvu hiyo kwanza ni mjuzi wa hila, wala si mwenye njaa. Ng'oma wa fomu yetu hakupata sauti yoyote pale jina lake lilipovuruga amri. Alipata tangazo la kosa. Kwa kuvuruga, neno linatenda bila kusikika. Kuhesabika kwa maana ya Arendt kunapatikana mahali pengine, kwa waandishi wa sentensi, kabla haijaandaliwa. Mtu mmoja anaweza kuwa thamani saa nne asubuhi kwenye foleni ya mgao na kuwa mwandishi saa nane mchana, mradi mlango wa pili upo na uko wazi.

Dzaleka mlango huo umefunguliwa kidogo, kwa mikono ya wakazi zaidi ya mikono ya wenyeji. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha kambini masomo ya diploma kwa njia ya mtandao, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. TakenoLab, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, imewafundisha vijana kutengeneza programu. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi; diploma haimruhusu mtu kufungua duka Kawale, na msimbo mzuri haujawahi kufuta sheria mbaya. Lakini kijana aliyejifunza kuandaa sentensi amekalia kiti ambacho hakuwahi kupewa: anaamua yeye ni swali gani litaulizwa juu ya wengine.

Na akishakikalia, atakutana na mpaka wa ufundi wenyewe, ambao vitabu vya mafunzo huupitia kwa mstari mmoja. Alama ya kuuliza inakubaliwa mahali pa thamani tu. Haikubaliwi mahali pa jina la jedwali, wala mahali pa jina la safuwima. Hifadhidata haiwezi kuandaa sentensi bila kujua itasoma wapi, kwa hiyo mambo hayo mawili hayafungwi. Lazima yaandikwe na mtu kwa mkono wake, au yachaguliwe kutoka orodha aliyoiandika mtu. Inaposemwa kwamba kliniki fulani ya kambini inahitaji rejesta mpya, hakuna kanuni ya usalama itakayomwambia kijana yule kama rejesta hiyo iwe na safuwima ya kabila. Mwenye kuiagiza atasema wafadhili wameitaka, au kwamba ya zamani ilikuwa nayo. Kijana anaweza kuiweka au kukataa kuiweka, na vyovyote atakavyofanya, sentensi zote zitakazoandaliwa baadaye juu ya jedwali hilo zitatendeka kwa usalama kamili. Ndiyo maana jina lake linapaswa kuandikwa juu ya faili ile, pamoja na la aliyemwagiza, ili atakayekuja kuuliza sababu ya safuwima ile kuwepo ajue amuulize nani.